Ridiculous si sifa, wanangu

Juzi tena, pale uwanja wa Mkunguni, Lamu. Kijana ninayemfundisha Kiingereza cha kutembeza wageni alikuwa akisimuliwa na mama mmoja wa Kizungu jinsi punda alivyoitafuna kofia yake ya ukili ilhali kaivaa. Kijana akacheka mpaka machozi, kisha akamwambia: "You are ridiculous!" Mama akanyamaza. Bakshishi ikaishia hapo.

"Mwalimu, si kamusi imeandika 'ya kuchekesha'?"

Imeandika, na ndiyo inayonichosha. Kwani Kiswahili chetu hakitofautishi kuchekesha na kuchekwa? Mtu funny huchekesha. Aliye ridiculous huchekwa, hata akiwa amenuna. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kucheka, ila kicheko chenyewe siku hizi ni cha dhihaka. Hilarious ni funny iliyozidi, tuiache. Silly ni upumbavu mwepesi. Kwa mtoto huweza hata kuwa neno la mapenzi.

Absurd sasa. Kwa Kilatini ilikuwa sauti isiyolingana na wenzake, kama udi uliolegea nyuzi katikati ya tarabu. Mpigaji akiendelea hivyo, nani atacheka? Watu hukunja nyuso. Wanahisabati nao hulitumia bila tabasamu: chukulia kipeuo cha pili cha 2 ni sehemu iliyorahisishwa hadi mwisho, fuata hesabu, utakuta juu na chini bado zinagawanyika kwa 2. Absurd! Hapo ningetafsiri "muhali", roho kunjufu. Lakini mgeni akisema sheria fulani ni absurd, muhali haufai, maana sheria ipo na watu wanatozwa faini. Upuuzi humlaumu aliyeitunga. Kioja chataka watazamaji. Miaka yote hii, bado nafuta na kuandika upya.

Ludicrous na ridiculous? Nikibanwa, sina mpaka wa kuuapia. Najua tu kwamba mgeni akiiita bei ya jahazi ludicrous, hajachekeshwa. Anatafuta jahazi jingine.

Nimemwambia kijana ashike funny, tena aseme hadithi ndiyo funny, si msimulizi, kwa kuwa mtu akiitwa hivyo huweza kusikia "una mambo ya ajabu". Akaona neno lenyewe dogo mno. Jana nikamsikia gatini, kwa sauti ya kujiamini: "Hilarious!"

Mgeni alikuwa akimweleza mizigo yake ilivyopotea.