Kitabu Changu Sasa ni cha Wote: Dhana Potofu na Ukweli

Tarehe 7 Oktoba 2021 Akademia ya Uswidi ilipomtangaza Abdulrazak Gurnah kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, watu wengi wa pwani yetu walianza kuulizana huyu Mzanzibari ni nani hasa. Wachache walikuwa wakimsoma tangu miaka ya tisini. Hao walishangilia kama wengine, lakini baadhi yao walihisi na jambo jingine lisilosemeka kirahisi: kwamba mwandishi wao ametwaliwa. Jana walikuwa naye wao tu, leo kila mtu ana neno la kusema juu yake.

Nazijua hisia hizo. Zimezungukwa na maneno mengi yasiyo sahihi, yanayosemwa na wenye kuzihisi na hata na wanaowabeza.

Dhana: Anayeumia kitabu chake kikipata umaarufu ana majivuno tu.

Majivuno yapo, sikatai. Wapo wanaopenda kitabu kwa sababu wengine hawakijui. Lakini kwa wengi kinachouma kina mizizi mirefu zaidi. Mwaka 1988 Russell Belk, mtafiti wa tabia za wanunuzi, alieleza kwamba vitu tunavyovithamini huwa sehemu ya nafsi zetu, hata vikiguswa tunahisi tumeguswa sisi. Miaka mitatu baadaye mwanasaikolojia Marilynn Brewer akaandika kwamba binadamu hutaka mambo mawili yanayovutana: kuwa mmoja wa kundi, na papo hapo kuwa tofauti. Kitabu kinachojulikana na wachache hukidhi yote mawili. Una wenzako, nao si wengi. Wakiongezeka, mizani hiyo huyumba.

Tena kitabu husomwa peke yako. Chukua riwaya ya Gurnah iitwayo Paradise. Yusuf ana miaka 12. Kila Aziz, mfanyabiashara tajiri, anapokuja kwao, humpa sarafu ya anna kumi, naye mtoto humhesabu kuwa ni ami yake. Siku moja anapandishwa treni kwenda naye pwani, bila kujua kwamba baba yake ana deni na yeye ndiye rehani. Anakuja kuambiwa na Khalil, kijana mwenzake wa dukani aliyewekwa rehani kabla yake, kwamba yule si ami yake hata kidogo. Ukisoma kurasa hizo usiku nyumba imelala, hakuna mwingine duniani anayemlilia Yusuf ila wewe. Halafu unakuja kuona maelfu wanamtaja. Ni kama watu wameingia chumbani bila hodi. Kuumia kwa namna hiyo ni dalili kwamba ulisoma kwa moyo wote, na sioni kwa nini mtu alionee haya.

Dhana: Waliokuja baada ya tuzo ni wafuata mkumbo.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie, maana maneno haya huwaumiza watu wasio na kosa.

Paradise ilichapishwa mwaka 1994 kwa Kiingereza, na mwaka huohuo ikaingia kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, Mzanzibari anayefundisha katika chuo cha SOAS, London, ilitolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Hesabu mwenyewe: miaka 28. Kwa muda wote huo mtu wa Pemba, Tanga au Lamu anayesoma Kiswahili kila siku, lakini Kiingereza cha riwaya kinamshinda, hakuwa na njia ya kumfikia Yusuf, ingawa Yusuf ni mtoto wa nchi hizihizi, na bidhaa, safari na dua za mle ndani anazifahamu kuliko msomaji yeyote wa Ulaya. Hata anayekisoma Kiingereza vizuri alihitaji duka linalokiagiza, na fedha za kununua kitabu kilichopangiwa bei kwa paundi.

Wala si sisi tu. Tuzo ilipotangazwa, hata Marekani wasomaji walihangaika kuvipata vitabu vyake madukani. Afterlives, iliyotoka Uingereza mwaka 2020, ilikuja kuchapishwa Marekani mwaka 2022, baada ya Nobel.

Kwa hiyo waliowahi walikuwa akina nani? Wengi walikuwa wanafunzi na walimu wa fasihi wenye maktaba ya chuo karibu, au watu wenye ndugu Uingereza wa kuwapakilia kitabu kwenye begi. Walikipenda kweli, na mapenzi yao ni halali. Lakini walitangulia kwa sababu mlango ulikuwa wazi upande wao. Kumwita mfuata mkumbo mtu aliyefunguliwa mlango mwaka 2022 ni kumdhulumu.

Dhana: Kitabu kikishabikiwa na kila mtu, ubora wake umeshuka.

Wanaosema hivi huwa na ushahidi mkononi: alama ambazo wasomaji hukipa kitabu hupungua baada ya tuzo. Hilo ni kweli, na limepimwa. Mwaka 2014 Balázs Kovács na Amanda Sharkey walichapisha utafiti wa maoni 38,817 ya wasomaji kuhusu vitabu 64, vilivyoshinda tuzo na vilivyofika orodha fupi bila kushinda. Vilivyoshinda vilishushwa alama zaidi baada ya ushindi kuliko vilivyokosa.

Lakini hakuna sentensi iliyobadilika ndani ya vitabu hivyo. Watafiti walitaja sababu mbili. Kwanza, tuzo huwavuta wasomaji ambao kwa kawaida wasingechagua kitabu cha aina ile, nao wengine hawakipendi. Pili, umaarufu wenyewe huwachukiza baadhi ya watu. Hii ya pili inatuhusu sisi tuliotangulia. Sehemu ya huo "ubora ulioshuka" ni uchungu wetu uliogeuzwa kuwa alama.

Dhana: Ni wetu, hao wengine wanadandia tu.

Baada ya Nobel mvutano huu ulihamia kwa mataifa. Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi, akaishi na kufundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent. Watanzania, Wazanzibari na Waingereza kila mmoja alivutia kwake, na kwetu mjadala ukafika hadi suala la uraia pacha. Swali la uraia ni zito na lina haki ya kujadiliwa. Ila kwa upande wa usomaji, sioni kudai mwandishi kuna maana gani kama hatujamsoma. Peponi ilifanya kazi ambayo madai hayo yasingeifanya.

Dhana: Kukinyamazia kitabu ni kukilinda.

Kitabu kisichonunuliwa hakichapwi tena, basi. Wachapishaji wetu hawana akiba ya kuchapa nakala za kukaa ghalani zikingoja wajuzi.

Nakubali kwamba kuna kinachopotea kweli. Ile furaha ya kukutana na mtu mgeni, akataja jina la Khalil, mkazungumza hadi chai ikapoa, haiji tena kwa urahisi ule. Waliokuwa nayo wana haki ya kuikumbuka. Lakini waliotangulia wana kitu ambacho wageni hawana, nacho ni kuijua njia. Msomaji aliyemaliza Peponi leo hajui aende wapi. Mwambie kuhusu Afterlives, inayoanzia karibu na pale Paradise inapoishia, wakati wa askari wa Wajerumani, na yenye Hamza, kijana ambaye aliyemjua Yusuf atamtambua upesi. Mwambie kuhusu Desertion ya 2005 na By the Sea ya 2001. Na akikuuliza mbona hivyo viwili havipo kwenye duka alilonunulia Peponi, mshauri amwambie mwenye duka kwamba anavitaka.