Hiyo Pilau ya Sura ya Tatu Inafanya Kazi Gani?

"Dada, nimeongeza Idd kwenye sura ya tatu, sasa naona mhusika amekuwa mtu wa kwetu." Ujumbe wa namna hii nimeshaupokea mara nyingi mno, na mswada unaofuata naujua kabla sijaufungua. Sura ya tatu ina pilau, watoto wamevaa nguo mpya, kaswida inasikika kwa mbali, mama mwenye nyumba kapaka hina. Sura ya nne pilau imekwisha, mpelelezi karudi kumhoji mlinzi, na Idd haitajwi tena mpaka kitabu kinaisha. Futa sura nzima ya tatu: muuaji ni yuleyule na anakamatwa kwa njia ileile. Kinachonichosha ni imani iliyo nyuma yake, kwamba sikukuu na mila ni bizari ya kunyunyiza mwishoni ili mhusika anukie kwao.

Nahariri riwaya za upelelezi hapa Dar es Salaam, na hili jambo linaniuma. Tunaishi kwenye mji ambao kila mwezi una shughuli, msiba, hitima, maulidi, kipaimara au ngoma, halafu hayo yote tunayatumia kama mapambo.

Sikukuu ni siku ambayo kila mtu anadaiwa. Kuna mahali lazima uonekane, kuna mkubwa lazima umwamkie, kuna sahani lazima ivuke uchochoro kwenda nyumba ya pili. Siku ya kawaida mtu akisema alikuwa amelala kwake mpaka saa nne, inawezekana. Asubuhi ya Idd mtu mzima wa Magomeni mwenye ndugu hawezi kulala mpaka saa nne bila watu kumgongea mlango. Asiyekuwepo anajulikana hakuwepo, na mpelelezi mwenye akili anaanzia hapo.

Chukua zakatul-fitri, ambayo waandishi wetu hawaigusi kabisa. Inatolewa chakula, pishi moja kwa kila kichwa, na wengi hapa mjini wanapima mchele kilo mbili na nusu hivi au tatu. Baba analipia nafsi yake na wote walio chini ya matunzo yake. Na lazima itoke kabla ya swala ya Idd. Ikitoka baada ya swala, ni sadaka kama sadaka nyingine.

Sasa mweke mfanyabiashara wa Kariakoo, mtu wa msikitini, anayesema alfajiri ya Idd alikuwa anapeleka zaka kwa mjane. Mjane anathibitisha, mchele huu hapa. Mpelelezi anauliza alikuja kabla ya swala au baada. Mjane anakumbuka wanawe walisharudi kutoka kuswali Mnazi Mmoja, viatu vipya viko mlangoni vimejaa vumbi. Basi mtu aliyefunga mwezi mzima hakosi saa ya zaka kwa uzembe, kuna kitu kimemshika. Mpelelezi anaendelea kuangalia ule mchele. Ni pishi saba. Nyumbani kwa huyu bwana watu wanajua vichwa vitano: yeye, mkewe na watoto watatu. Hao wawili wengine ni nani, na wanakaa mtaa gani?

Humo mna mke wa siri na mtoto wake, mna sababu ya kuua, na mna mtu aliyetoka kufanya unyama akakumbuka kwamba hawezi kumdhulumu maskini pishi mbili za watu ambao hata hajawataja kwa ndugu zake. Huyo ni mhusika. Huhitaji tena aya ya kutuambia kwamba "moyoni alikuwa na utata".

Nikae kidogo kwenye mwezi, maana hapa ndipo miswada inaponitoa jasho. Waandishi wanaandika "siku ya Idd" kana kwamba ilipangwa tangu Januari. Serikali inatoa siku mbili za mapumziko na kalenda yenyewe inakwambia itategemea kuandama kwa mwezi. Usiku ule watu wako kwenye redio na simu wakimsubiri Mufti. Fundi nguo ana watu kumi mlangoni hawajui kama wanazitaka kesho au keshokutwa. Tena wapo wanaofuata mwezi uliotangazwa popote duniani na wapo wanaosubiri uonekane huku kwetu, na nyumba moja ya Buguruni inaweza kuwa na kaka aliyekwisha kula na mdogo wake bado kafunga. Waulize wote wawili walimwona marehemu lini. Wote watajibu "asubuhi ya Idd", wote ni wakweli, na wamepishana siku nzima. Mwandishi wa upelelezi anataka zawadi gani zaidi ya hiyo?

Kuna na usiku. Siku ya mwezi wa Kiislamu inaanza jua likizama, kwa hiyo tarawehe ya kwanza, ile swala ya usiku ya Ramadhani, inasaliwa kabla hata watu hawajafunga siku ya kwanza. Shahidi akisema kelele alizisikia akitoka tarawehe ya kumi, hiyo ni jioni baada ya funga ya tisa. Askari asiyefunga atahesabu funga ya kumi, ataandika tarehe ya kesho yake, na mshukiwa ataachiwa kwa kosa la hesabu. Hakuna aliyedanganya popote.

Ukiandika hadithi ya zamani, angalia mwaka. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani inatembea. Nimeletewa futari ya Novemba 1985, mwezi ambao Mwalimu alimkabidhi nchi Mzee Mwinyi, wakati Ramadhani ya mwaka huo ilikuwa Mei na Juni. Upande wa pili, mwisho wa Desemba 2000 Idd ilikuja siku chache tu baada ya Krismasi. Wiki ile mji mzima ulikuwa kwenye kutembeleana, na sijaona mswada hata mmoja uliokwenda kuishi humo.

Sikukuu za kitaifa nazipita haraka kwa sababu hazimdai mtu kitu nyumbani kwake. Sabasaba ina faida yake: TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na leo siku hiyo ina maonyesho Barabara ya Kilwa yenye umati wa kumpotezea mtu. Itumie kwa umati.

Krismasi ndiyo inayoonyesha uvivu wetu. Mhusika Mchaga anapanda basi Desemba kwenda Moshi, mwandishi anaridhika kwamba kaonyesha utamaduni. Ndugu yangu, hilo kila kondakta anajua. Niambie habari za yule aliyebaki Kimara tarehe 24 wakati ukoo mzima umepanda mlima, mbuzi atachinjwa na sehemu yake ya nyama haina wa kuipokea. Amegombana na nani? Kisha muweke marehemu wa Sinza ambaye kwenye droo yake askari wanakuta jani la sale, limekauka. Askari wa Pwani analiona takataka. Mtu wa Kibosho au Machame anajua hilo ni jani la kuombea msamaha, na aliyeletewa sale si rahisi kukataa. Maana yake kuna mtu alimkosea marehemu kosa kubwa, na akamwendea kwa heshima. Wapelelezi wako wamelitupa kwenye ndoo.

Misiba inahitaji andiko lake, ila machache siwezi kuyaacha. Maiti ya Muislamu haicheleweshwi, kwa hiyo mwili unaweza kuwa kaburini kabla polisi hawajafikiria uchunguzi, na waliouona uchi ni waosha maiti tu. Kwa nini hakuna anayewahoji? Mjane yuko eda miezi minne na siku kumi. Ukimtoa wiki ya pili kwenda kukutana na mpelelezi hotelini Masaki, lazima majirani waseme, mawifi waseme. Na mpelelezi mwanamke huku Pwani haendi makaburini. Anabaki ndani na wanawake, ambako ndiko habari zote ziliko, na mwandishi kamsimamisha kando ya kaburi akiwa na miwani myeusi.

Halafu watani. Mzaramo na Mnyamwezi, Mchaga na Mpare, Mngoni na Mhehe. Mtani anaweza kukalia jeneza msibani na kugoma kuondoka mpaka alipwe. Anaweza kusema mbele ya shehe, mwenyekiti wa mtaa na polisi: "Mmemuua ndugu yangu kwa ajili ya ile nyumba ya Tabata, sasa mnajiliza!" Watu wanacheka na kulia, wanamtupia mia mbili, mia tano. Mpelelezi aangalie ni nani kamnyamazisha haraka kwa noti ya elfu kumi. Sijui mila nyingine inayomruhusu mwandishi kutoa shutuma ya kweli sura ya pili mbele ya kila mtu na isisikike.

Jambo moja sina uhakika nalo. Sehemu za unyago na jando nazikata, kwa sababu yanayosemwa ndani kwa kungwi hayakusemwa yachapishwe. Wenzangu wananiambia nawanyima wahusika wa kike nusu ya maisha yao. Pengine wana haki. Mpaka sasa nakubali mhusika aingie ndani na atoke, na aliyoambiwa abaki nayo.

Gumu zaidi ni haki ya msomaji. Kidokezo kikisimama juu ya mila, asiyeijua mila ameonewa. Ukimfafanulia pale pale, umemwonyesha muuaji. Ninachowaambia waandishi ni kwamba mila ioneshwe mapema kwenye jambo jingine kabisa. Sura ya kwanza, bibi anapima mchele wa zaka, anataja vichwa vya nyumba kimoja kimoja, anagombana na mjukuu mjamzito kama wa tumboni anahesabiwa. Msomaji anacheka, anapita. Sura ya kumi na tisa pishi zikihesabiwa, msomaji wa Songea ambaye hajawahi kufunga ana kila kitu anachohitaji. Yule wa Magomeni atakuwa ameshamjua muuaji tangu sura ya tano, na dawa ya hilo bado sijaipata.