Methali si ushahidi: kufundisha kiungo cha hoja

Chukua insha ya kidato cha tatu yenye mada ya kuunga mkono au kupinga, kisha tafuta mahali mwandishi alipobanwa. Mara nyingi utakuta methali imekaa hapo. "Bodaboda zisiingie katikati ya mji kwa sababu zinakwenda kasi, na wahenga walisema haraka haraka haina baraka." Mwalimu anatia vema pembeni na kuendelea. Lakini methali hiyo imewekwa mahali pa ushahidi, na kazi ya ushahidi haiiwezi. Haimwambii msomaji pikipiki ngapi zilipita, wapi, wala nani aliumia.

Kazi inayoiweza ni nyingine, na ndiyo wanafunzi wengi hawaijui kabisa.

Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alitoa kitabu The Uses of Argument. Alikuwa akibishana na wanamantiki wenzake, hakuwa na habari na walimu wa insha. Ni Wayne Brockriede na Douglas Ehninger walioupeleka mchoro wake wa sehemu sita za hoja kwa walimu wa uzungumzaji wa Marekani mwaka 1960, na kutoka huko ukaingia madarasa ya uandishi. Mfano wake mashuhuri ni huu: Harry alizaliwa Bermuda (ithibati, yaani ushahidi), kwa hiyo yaelekea (kiasi, yaani kiwango cha uhakika) Harry ni raia wa Uingereza (dai). Kinachotuvusha kutoka Bermuda hadi uraia ni kanuni isiyotajwa: mtu aliyezaliwa Bermuda kwa kawaida huwa raia wa Uingereza. Hicho ndicho kiungo. Nyuma yake kuna tegemeo, yaani sheria zenyewe za uraia, na kando kuna kipingamizi: isipokuwa wazazi wake wote wawili walikuwa wageni, au yeye mwenyewe ameshachukua uraia wa Marekani.

Kiungo hapa si bizari. Ni kiungo kama goti: mfupa wa juu unao, wa chini unao, bila goti hutembei. Sehemu sita ni nyingi kwa wiki ya kwanza. Anza na tatu tu, dai, ithibati na kiungo, na kipingamizi kingoje hadi hizo zikae. Tegemeo naliacha mpaka kidato cha tano.

Sasa, Kiswahili kinamrahisishia mwalimu kazi hii, kwa sababu sehemu hizo tatu mara nyingi huvaa sare tofauti za kisarufi. Dai la kutaka jambo litendeke huwa katika dhamiri tegemezi: ziondolewe, wasiingie, tujenge. (Vitenzi vya mkopo kama -rudi na -samehe havibadiliki mwisho, kwa hiyo tazama maana, usitazame irabu peke yake.) Ithibati huja na -li- au -me-: pikipiki ilimgonga mtoto mbele ya soko, madereva watatu wamelazwa. Kiungo huja na hu-, au na kirejeshi kinachofungua mlango kwa yeyote: chombo kinachohatarisha wapita njia hufaa kuondolewa penye watu wengi. Ndiyo maana methali nyingi zina umbo hilohilo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hizi ni kanuni za jumla, yaani viungo vilivyokwisha kutengenezwa, tayari kwa matumizi.

Zoezi linatosha vipindi viwili vya dakika 40. Kila mwanafunzi aandike sentensi moja tu yenye "kwa sababu" katikati, juu ya mada moja ya darasa zima. Dakika tano. Wabadilishane karatasi na jirani, na jirani aandike chini swali moja: "Inahusu nini?" Liwe hilohilo, la mtaani, kwa sababu ndilo swali ambalo kiungo hulijibu. Mwenye karatasi ajibu kwa sentensi inayoanza na "Yeyote anaye-", "Chochote kinacho-" au "Mahali popote pana-po-". Dakika kumi, na hapa ndipo watakapokwama. Wengi watarudia ithibati kwa maneno mengine: "Kwa sababu zinakwenda kasi sana." Usiwape jibu. Waambie waifute bodaboda kwenye sentensi waone kama inasimama bila yeye. Kiungo hakitaji mshtakiwa.

Muda uliobaki utumike kwa jaribio la kubadilisha, ambalo naliona ndilo lenye faida kuliko yote. Chukua kiungo cha mwanafunzi na uweke kitu kingine ndani yake. Kama chochote kinachokwenda kasi kiondolewe mjini, gari la wagonjwa je? Litaondoka nalo. Mwandishi hataki hivyo, basi kiungo chake ni kipana mno na lazima akipunguze: "Chombo cha biashara kinachozidi mwendo uliowekwa penye msongamano..." Angalia kilichotokea. Alipokipunguza kiungo, ithibati yake ya kwanza haikutosha tena. Sasa anahitaji kuonyesha kwamba bodaboda huzidi mwendo uliowekwa, si kwamba zina kasi tu. Na kama mwendo ndio kosa, kwa nini adhabu iwe kufukuzwa na si faini? Mwanafunzi anayefika hapo amebadili dai lake mwenyewe, na hapaswi kukatwa alama kwa hilo.

Alama za kisarufi zina mitego, na ni afadhali mwalimu aitaje kabla wajanja wa darasa hawajaitaja. Hu- ya mazoea ya kitu kimoja ni ithibati: "Basi la asubuhi huchelewa" ni taarifa kuhusu basi lile, hata mwanafunzi akisema "linachelewaga". Kisha kuna hu- isiyo hu-. Katika "Hujafa hujaumbika" kiambishi ni kikanushi cha nafsi ya pili umoja, hakihusiani na mazoea. Na -na- haina mwenyewe: "Moshi unaua" yaweza kuwa kanuni, yaweza kuwa habari ya jikoni fulani sasa hivi. Pakiwa na utata, muulize mwandishi: unasema kuhusu hiki, au kuhusu vyote vya aina hii?

Turudi kwa methali. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona jambo hili karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika kitabu cha pili cha Balagha anasema kwamba msemo wa hekima ni kauli ya jumla kuhusu mambo ya kutenda au kuepuka, na ukiongezewa sababu yake unakuwa enthimema, yaani hoja ambayo sehemu yake moja haitamkwi. Anaongeza kwamba misemo humfaa mtu mzima, na katika mambo aliyoyaishi. Mwanafunzi wa miaka 16 anayeandika "wahenga walisema" anaazima umri asio nao. Hilo si kosa, mradi ajue kwamba ameazima kanuni na ithibati bado anadaiwa.

Hatari nyingine ni kwamba wahenga walikuwa wengi na hawakukubaliana. Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Umoja ni nguvu, lakini wapishi wengi huharibu mchuzi. Wape darasa jozi kama hizi na uulize: katika mada yetu, ipi inatawala, na kwa sababu gani? Jibu la "kwa sababu gani" ndilo tegemeo, hata kama hujalitaja jina. Na methali ya upande wa pili ni kipingamizi cha bure. Mwanafunzi aliyezoea kufungua aya kwa "hata hivyo" kama pambo atapata cha kuweka baada yake.

Kikwazo kikubwa ni hesabu. Wanafunzi huamini kwamba msahihishaji anahesabu hoja, hivyo hupanga saba. Insha ya maneno 400 ikitoa 50 kwa utangulizi na 50 kwa hitimisho, hubaki 300, na kila hoja hupata maneno 43. Hayo hayatoshi dai, ithibati na kiungo kwa pamoja, achilia mbali kipingamizi. Kinachokatwa kwanza ni kiungo, kwa kuwa hakionekani kukosekana. Msomaji mwema hukijaza mwenyewe kichwani. Mimi huagiza hoja tatu, za maneno 100 kila moja: sentensi moja ya dai, mbili au tatu za ithibati, moja ya kiungo, moja ya kipingamizi na moja ya kukijibu.

Katika kusahihisha, andika D (dai), I (ithibati) au K (kiungo) pembeni mwa kila sentensi, bila maoni mengine. Aya yenye D I I I haina goti. Aya yenye D K K, ambayo ndiyo ya kawaida kwa wapenda methali, ni ya mtu ambaye hajatoka nje kutazama barabara. Mrudishie aende akahesabu pikipiki kwa nusu saa.