Roki ya wazee mikononi mwa vijana wa Nairobi

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa miaka 17 aliingia darasani, akachomeka gitaa kwenye amplifaya kabla hatujamaliza kusalimiana, akaanza kudonoa nyuzi mbili kwa pamoja. Rifu hiyo, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, alikuwa amejifunza mwenyewe kwenye simu, akirudia video moja usiku hadi vidole vikauma.

"Mwalimu, hii ngoma ilitoka lini?"

"Mwaka 1972. Ni ya Deep Purple, Waingereza."

Akahesabu kimoyomoyo. "Aah! Babangu alikuwa hajazaliwa." Akainamia gitaa tena, akaendelea.

Nimefundisha gitaa hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka 20, katika chumba cha kupanga huko Ngara, juu ya mafundi cherehani ambao wamezoea kelele zetu. Watu wa rika langu huniuliza swali lilelile: hawa watoto wa gengetone, arbantone na amapiano, je, wanaijali roki tuliyokua nayo? Wengi huuliza wakiwa tayari wana jibu lao, kwamba siku hizi hakuna muziki na vijana hawana masikio. Sikubaliani nao hata kidogo, na nataka kueleza kwa nini, kwa sababu nawaona vijana hawa kila wiki na najua wanachokiomba.

Kwanza tuondoe takwimu moja inayozunguka sana. Husemwa kwamba mwaka 2021 karibu asilimia 70 ya muziki uliosikilizwa Marekani ulikuwa wa zamani. Ni kweli, lakini katika biashara ya muziki wimbo huitwa wa zamani ukishatimiza miezi 18. Kibao cha mwaka juzi kinatiwa kapu moja na cha mwaka 1969. Kwa hiyo takwimu hiyo haituambii lolote kuhusu kijana wa Umoja na bendi ya roki kama Led Zeppelin.

Utafiti unaoniingia akilini ni mwingine. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na mwenzake Justin Zupnick, waliwachezea vijana wa umri wa chuo vibao vilivyovuma tangu 1955 hadi 2009, wakawauliza vipi wanavitambua, vipi wanavipenda na vinawakumbusha nini. Nyimbo za ujana wao ziliwagusa, kama ilivyotarajiwa. Lakini palitokea vilima viwili zaidi, yaani vipindi ambavyo nyimbo zake ziliwagusa kuliko nyingine: kimoja kwenye nyimbo za mwanzo wa miaka ya 1980, wazazi wao walipokuwa vijana, na kingine kwenye nyimbo za miaka ya 1960. Hicho cha pili watafiti walikieleza kwa njia mbili, ama ni urithi kutoka kwa babu na bibi, ama nyimbo za wakati huo zilikuwa na nguvu yake. Kile cha kwanza hakina utata. Mtoto anakunywa muziki wa wazazi wake akiwa nyuma ya kiti cha gari, akiwa sebuleni, akiwa amelala.

Sasa uhamishie hilo Nairobi, uone jinsi mambo yanavyobadilika. Redio ya nyumbani kwa wanafunzi wangu ilikuwa ikipiga nini Jumapili? Franco na Les Wanyika. Kenny Rogers, Jim Reeves na Skeeter Davis, maana Kenya ina mapenzi makubwa na muziki wa kantri kuliko wageni wanavyotegemea. Boney M siku za Krismasi. Ni nyumba chache sana zilizokuwa na Pink Floyd. Ndiyo maana kijana wa hapa akisikia gitaa la Les Wanyika hulainika papo hapo, hata kama hajui jina la wimbo, na akisikia roki ya 1973 huisikia kama kitu kipya kabisa. Haina harufu ya nyumbani kwake. Hakuna aliyemlazimisha aiheshimu, kwa hiyo anaipenda au anaikataa kwa sababu zake mwenyewe. Kwangu mimi hiyo ni bahati.

Basi inamfikia kwa njia gani? Kwa kioo cha simu na televisheni, kwanza. Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwimbaji wa Uingereza, Kate Bush. Wimbo wake wa 1985 kuhusu kukimbia kupanda kilima ulifika nambari 3 Uingereza wakati huo. Mwaka 2022 ukatumika katika msururu wa Stranger Things, na mwezi Juni ukashika nambari 1, miaka 37 baadaye. Wiki zile nilikuwa na wasichana watatu darasani walioutaka, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza wimbo huo una umri gani. Kwenye simu wimbo wa 1985 na wa jana vimepangwa safu moja, na picha zake ni za ukubwa uleule. Sisi tulijua wimbo ni mkongwe kwa sababu kaseti ilikuwa imechakaa, au kwa sababu ilitoka kwenye sanduku la binamu mkubwa. Wao hawana alama hiyo.

Gharama ya njia hiyo ni albamu. Vijana wananunua bando la saa moja, na kwa bando la saa moja mtu haketi kusikiliza albamu ya dakika 43 ambayo nyimbo zake zimeshonwa moja kwa nyingine. Wanajua kipande chenye rifu, wanajua kiitikio. Hilo linaniuma kweli, kwa sababu kazi kama The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd ukiikata vipande unapoteza nusu ya maana yake. Nimeanza kuwapigia upande mmoja mzima wa santuri kila mwisho wa muhula, taa zikiwa zimezimwa, simu zikiwa mfukoni. Santuri zenyewe nazitafuta polepole, nyingine Kenyatta Market. Hakuna kijana aliyewahi kutoka kabla ya sindano kufika mwisho.

Mlango wa pili wazee hawauoni kabisa, nao ni kanisa. Wanafunzi wangu wengi ni wapigaji wa kanisani. Wanakuja wakitaka "ile sauti ya worship", gitaa linalometameta kama mvua juu ya mabati. Nawaonyesha inavyotengenezwa. Unachukua pedali ya mwangwi, unaiweka irudishe noti baada ya robo tatu ya pigo. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, kwa hiyo mwangwi unawekwa kwenye milisekunde 375. Wewe unapiga noti mbili kwa kila pigo, mwangwi unaingia kwenye mapengo, na gitaa moja linasikika kama mawili yanayojibizana. Ukishaielewa hesabu hiyo huwezi kuisahau.

Kisha nawapigia U2, albamu ya mwaka 1987, nikiwaomba wamsikilize mpiga gitaa wao, The Edge. Kimya kinatanda. Sauti waliyodhani imezaliwa madhabahuni ilitoka kwa bendi ya roki ya Dublin, ikachukuliwa na wanamuziki wa kanisa duniani kote. Wamekuwa wakiipenda roki ya miaka ya 1980 kila Jumapili asubuhi, wengine wakiwa wamevaa suti.

Lakini jibu langu hasa kwa wale wa rika langu liko kwenye vidole. Roki ya zamani inadumu kwa sababu inashikika. Chukua rifu ya yule kijana wa miaka 17. Ni nyuzi mbili zikipigwa pamoja, zinapanda na kushuka kwa noti chache. Kwa nini mbili tu? Unapoikwaruza sauti ya gitaa kwa distoshoni, amplifaya inazalisha sauti za ziada kutokana na tofauti ya mitetemo ya noti ulizopiga. Noti zenye uwiano wa mitetemo wa 2 kwa 3 zina tofauti ya 1, ambayo ni noti ileile ya chini ikishuka oktava moja. Kwa hiyo sauti ya ziada inaingia ndani ya kordi na kuinenepesha. Zenye uwiano wa 3 kwa 4, kama za rifu ile, nazo tofauti yake ni 1, hivyo inaangukia palepale pazuri. Ongeza noti ya tatu ya kordi kamili na sauti za ziada zinaanza kugombana, gitaa linageuka uji. Wapigaji wa wakati ule hawakuhitaji hesabu hiyo, masikio yaliwaongoza. Na matokeo yake ni kwamba mtoto aliyeshika gitaa kwa wiki mbili anaweza kutoa mngurumo uleule uliojaza viwanja. Mpe solo ya rumba katika wiki hizohizo mbili, atalia. Rumba inataka miaka.

Kuna na jambo la mwendo. Roki nyingi ya miaka ile ilirekodiwa watu wakiwa chumba kimoja, wakitazamana, bila mlio wa mashine masikioni kuwashika mkono. Kiitikio kinapokuja wanaongeza kasi kidogo, wakirudi kwenye ubeti wanapumua. Siku moja wanafunzi waliweka metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo, pembeni ya rekodi ya namna hiyo wakidhani watakwenda sawa. Ilipofika katikati metronomu ilikuwa imeachwa nyuma, na binti mmoja akasema, "Kumbe hawa wanakimbia pamoja." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Muziki wanaousikia kila siku umepangwa kwa kompyuta, kila pigo mahali pake, na una uzuri wake. Wakikutana na mdundo unaopumua wanajua kuna mtu humo ndani.

Na Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Sijawahi kuwa na darasa ambalo Queen hawakuombwa, hasa tangu filamu ya 2018 kumhusu. Nawaambia kwamba alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na kwamba familia yake iliondoka mwaka 1964 baada ya mapinduzi. Wanakataa. Wanaingia kwenye simu kuhakikisha. Kisha tunafika kwenye kile kibao chake cha 1975, "Bohemian Rhapsody", cha dakika 5 na sekunde 55, na kwaya inapopaza "Bismillah" wanafunzi wangu Waislamu wa Eastleigh huangaliana. Wameusikia wimbo huo mara mia na hawakuwahi kulisikia neno hilo kama neno lao. Kuanzia siku hiyo hauwi tena wimbo wa Wazungu.

Hapo ndipo ninapogeuka kulalamika, na lalama yangu haiwahusu vijana. Tunawauliza kama wanaijua roki ya Uingereza ya 1972, ilhali hatujawahi kuwapa ile ya mtaani kwao. Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa na magitaa ya umeme yaliyokuwa yanawaka. Palikuwa na bendi ya Matata, ambao walifika hadi London. Palikuwa na Slim Ali wa Mombasa na Hodi Boys wake. Palikuwa na Black Savage, vijana wadogo wenye hasira na akili nyingi. Hata kabla ya hapo mambo yalikuwa yakienda pande zote mbili: mwaka 1968 kundi la Uingereza la The Tremeloes lilivuma kwa "Helule Helule", wimbo wa Daudi Kabaka wetu. Mtoto wa Nairobi anaweza kumaliza shule bila kusikia hata jina moja kati ya haya, kwa sababu santuri zilikwisha sokoni na redio zikaendelea na mengine. Mtu hawezi kupenda asichokipata. Mkusanyiko wa nyimbo hizo za zamani za Kenya, Kenya Special, ulipotoka mwaka 2013, ni kampuni ya Uingereza iliyoutoa, na nilikuwa na wanafunzi walioupokea kama waliochimbua hazina uani kwao.

Kwa hiyo muhula huu nimebadilisha mpango. Mwanamuziki Ayub Ogada tunamjua kwa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, na kwa "Kothbiro", aliyoitoa kwa jina lake mwenyewe mwaka 1993 na ikasikika dunia nzima katika filamu ya The Constant Gardener. Kabla ya hapo alikuwa Job Seda wa Black Savage, na wimbo huohuo bendi ilishaupiga kwa magitaa ya umeme miaka ya 1970. Niliwasikilizisha matoleo yote mawili, moja baada ya jingine. Yule kijana wa Deep Purple aliuliza tena swali lake la siku zote, lilitoka lini, nami nikamjibu. Halafu akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza kuhusu Waingereza: "Kothbiro ni nini?"

Msichana aliyekuwa karibu na dirisha, ambaye nyanya yake yuko Siaya, alimjibu kabla yangu. "Mvua inakuja."

Wameniomba niwaandikie kordi. Ubeti wa kwanza uko tayari, besi tumempa mvulana wa Kariobangi mwenye mkono mzito, na Jumamosi tunaanza kiitikio.