Kongano la bioteknolojia halianzi na kiwanja

Vikundi vingi vya Mwanza na Ukerewe vinavyotuandikia kuhusu kongano la bioteknolojia, yaani mkusanyiko wa kampuni, maabara na wanunuzi wanaotegemeana, vinaanza kwa kuomba eneo. Nia ni njema, ila uzio na geti havijawahi kuzaa kongano popote.

Tazameni Bangalore, India. Mwaka 1978 kampuni ya Biocon ilianza na bidhaa mbili: kimeng'enya cha papai, na utando wa mabondo (mifuko ya hewa) ya samaki unaotumika kung'arisha bia. Wanunuzi walikuwa nje ya nchi na walijulikana tangu mwanzo. Insulini ilikuja miaka mingi baadaye. Sisi mabondo ya sangara tunayakausha na kuyasafirisha hivyo hivyo.

Tena turudie, maana tumelieleza mno: bioteknolojia si lazima iwe GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa vinasaba. Miche ya migomba ya chupa, inayooteshwa maabara, haijabadilishwa vinasaba. Kipande cha kichipukizi huoteshwa kwenye jeli iliyotakaswa kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15. Mkipunguza muda, ukungu unakula chupa zote. Mche ukitoka, majani yake yana nta kidogo sana. Ukipelekwa juani siku hiyohiyo unanyauka, na mkulima anasema mbegu ni mbovu. Uwekwe kivulini, penye unyevu, wiki kadhaa, huku mkipunguza unyevu taratibu.

Anayetaka kuleta GMO yenyewe ndiye anayebanwa na Kanuni za Usalama wa Bioteknolojia za 2009, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Kibali hutangulia mbegu.

Kwa sampuli za binadamu, kibali cha maadili hutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Mtafiti wa kigeni huongeza kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Sampuli zikienda nje, lazima uwepo mkataba wa uhamishaji uliosainiwa na pande zote, unaotaja aina, idadi, matumizi na hatima ya mabaki. Bila mkataba huo mzigo unazuiwa, barafu kavu inayeyuka hewani, na kazi ya miezi inaharibika ndani ya boksi. Msituombe "barua ya haraka" mkiwa tayari uwanja wa ndege.

Kikundi kinachotaka ushauri kije na jina la bidhaa moja, mnunuzi aliyekubali kuijaribu, maabara iliyokubali kuipima, na rekodi ya kukatika kwa umeme ya miezi mitatu pale kitakapoweka friji. Eneo tutalizungumza baada ya hapo.