Je, wajua kwa nini kikohozi kingine hufanana na kifua kikuu lakini hakiponi kwa dawa zake?

Katika kliniki za Dar es Salaam, mtu anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili, akatokwa na jasho jingi usiku na kupungua uzito, hutakiwa kwanza kutoa makohozi ili apimwe kifua kikuu. Ndivyo inavyopasa, kwa kuwa ugonjwa huo umeenea sana Tanzania. Hata hivyo, wapo wagonjwa wachache wenye dalili hizo hizo, na picha zao za eksirei huonyesha madoa na matundu yale yale mapafuni, lakini wanameza vidonge kwa miezi bila kuona nafuu. Mmoja wa wanaoweza kusababisha hali hiyo ni bakteria aitwaye nokadia.

Jina lake linatokana na Edmond Nocard, daktari wa mifugo wa Ufaransa, aliyemweleza mwaka 1888 baada ya kuchunguza ugonjwa wa ng'ombe wa kisiwa cha Guadeloupe. Bakteria huyu huishi udongoni na katika majani yanayooza, na binadamu humvuta pamoja na vumbi. Hivyo basi, si ajabu kwamba wakazi wa jiji lenye barabara za vumbi na ujenzi usiokwisha wanakutana naye bila kujua, na karibu wote hawadhuriki. Anayeugua mara nyingi ni yule ambaye kinga yake imepungua: anayeishi na VVU, mwenye saratani, anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, au aliyepandikizwa figo, huduma iliyoanza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017.

Sababu ya kufananishwa na kifua kikuu ni undugu. Bakteria hawa wawili wana ukuta wenye mafuta mazito kama nta, ambayo hushika rangi nyekundu ya maabara hata baada ya kuoshwa kwa asidi. Kimelea cha kifua kikuu huishika rangi hiyo kwa nguvu sana. Nokadia huishika kwa udhaifu, kwa hiyo asidi kali humwondolea rangi na asidi hafifu humwachia. Mtaalamu makini akiona chini ya hadubini nyuzi nyembamba zenye matawi, badala ya vijiti vifupi, atashuku kwamba huyu ni mwingine. Kipimo cha vinasaba kinachotumika siku hizi hutafuta kifua kikuu peke yake, na majibu yake hayawezi kumtaja nokadia.

Kumwotesha maabara nako kuna mitego. Bakteria wengi wa kawaida huonekana ndani ya siku moja au mbili, ilhali nokadia huweza kuchukua wiki mbili au zaidi, na sahani ikitupwa mapema ushahidi hutupwa nayo. Tena, kemikali zinazotumika kusafisha makohozi kabla ya kuotesha kifua kikuu zinaweza kumuua. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito wa jambo lote: daktari anayemshuku hana budi kuiambia maabara waziwazi anachokitafuta, la sivyo majibu yatarudi matupu na mgonjwa atarudishwa kwenye vidonge vile vile.

Ucheleweshaji huo una gharama, kwa sababu nokadia hatulii kifuani. Huunda majipu mapafuni, kisha hupenya kwenye mishipa na kusafiri kwa damu hadi kwenye ngozi na, kwa hatari zaidi, kwenye ubongo. Mgonjwa aliyekuja kwa kikohozi huanza kuumwa kichwa, kupooza upande mmoja au kushikwa na kifafa. Ndiyo maana nokadia akithibitika mapafuni, madaktari hupiga picha ya ubongo hata kama kichwa hakiumi.

Kwa ndugu wanaomtengea mgonjwa kikombe na sahani, ifahamike kwamba nokadia kwa kawaida haambukizi kutoka mtu hadi mtu. Dawa yake kuu ni kotrimoksazoli, ile ile ambayo watu wengi wanaoishi na VVU hupewa kama kinga, ila kwa dozi kubwa zaidi, mara nyingi ikiambatana na nyingine katika wiki za mwanzo. Matibabu huendelea kwa miezi 6 hadi 12, na ubongo ukiwa umeguswa huwa mwaka mzima au zaidi, kwani dawa ikikatishwa mapema ugonjwa hurudi.