Je, wajua kwa nini besi ya sabufa inapita ukutani, ilhali maneno ya wimbo yanabaki kwa jirani?

Saa nne usiku, Ilomba, Mbeya, mwezi wa saba. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, mbwa wamenyamaza, na juu ya kabati langu kifuniko cha sufuria kinacheza: trr, trr, trr. Chumba cha pili jirani anasikiliza muziki. Simsikii mwimbaji wala kinanda; sijui hata kama ni singeli au nyimbo za Injili. Kinachonifikia ni mdundo mtupu, na mdundo wenyewe nausikia mbavuni kuliko masikioni.

Kati yetu kuna ukuta wa tofali za kuchoma, umepigwa plasta pande zote mbili. Maneno unayazuia vizuri tu. Besi inaushindaje?

Sauti haitafuti tundu la kupenyea kwenye tofali. Inausukuma ukuta wenyewe, ukuta unatetemeka kiasi ambacho jicho halioni, kisha upande wako ukuta huohuo unaisukuma hewa ya chumba chako. Ukuta unakuwa spika ya pili. Sasa mfikirie mtu wa mkokoteni uliojaa viazi pale Uyole. Akiutikisa mbele na nyuma harakaharaka, haujongei. Akiegemea na kusukuma taratibu, unaanza kwenda. Ukuta nao ni mzigo. Herufi kama “s” inatetemesha hewa mara maelfu kwa sekunde, na ukuta hauwahi kuitikia. Besi ya sabufa inasukuma mara 40 hadi 100 hivi kwa sekunde, yaani hezi 40 hadi 100, na hapo ukuta unapata muda wa kuifuata. Kwa hesabu za mafundi wa sauti, kila mitetemo inapopungua kwa nusu, ukuta uleule unapoteza desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za uwezo wake wa kuzuia. Kutoka hezi 800 hadi 50 ni kupungua kwa nusu mara nne, kwa hiyo desibeli 24 zimekwenda. Na ukitaka kuzirudisha desibeli 6 tu kwa kujenga, itabidi uzito wa ukuta uwe mara mbili.

Ndiyo maana trei za mayai zinazobandikwa ukutani ni kazi bure. Wimbi la sauti ya hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34. La hezi 50 linakaribia mita 7. Ili kitu laini kilimeze wimbi la namna hiyo vizuri, unene wake unatakiwa ukaribie robo ya urefu huo, kama mita 1.7. Ukiweka sponji la unene huo chumbani, kitanda utakilaza barazani. Na kuigeuza sabufa iangalie kwingine hakusaidii pia. Wimbi ni kubwa mno kuliko boksi lake, linasambaa pande zote kama moshi wa jiko.

Nilipokwenda kumgongea jirani, kijana wa bajaji, aliniambia: “Shikamoo kaka, mbona nimeweka ndogo tu?” Nilikuwa tayari kumwona mjeuri. Nilipoingia ndani nikakuta anasema kweli: kwake besi ilikuwa hafifu kuliko kwangu.

Chumba chake ni futi 12 kwa 10, na changu hivyohivyo. Wimbi la hezi 47 hivi, nusu yake inaingia sawasawa kwenye futi 12. Likigonga ukuta na kurudi, linajipanga: shinikizo linakuwa kubwa kutani na kwenye kona, katikati ya chumba linakaribia kufa. Yeye kiti chake kiko katikati. Sabufa ameisukumia kwenye kona, mahali ambapo kuta na sakafu zinaiongezea nguvu. Mimi mto wangu unagusa ukuta. Kwa hiyo yeye anaona besi haitoshi, anaongeza. Mimi nageuka kitandani. Ugomvi mwingi wa wapangaji nadhani uko hapahapa: kila mmoja anamwona mwenzake mwongo, kumbe wote wanasikia sawasawa na walipokaa.

Tulianza kazi usiku uleule. Sabufa ilikuwa juu ya meza iliyobana ukuta wetu, ikiutikisa moja kwa moja kupitia mbao. Tukaishusha, tukaitoa konani, tukaiweka karibu na kiti chake juu ya kipande cha godoro la sponji. Sponji halizuii sauti inayopita hewani, lakini linapunguza ile inayoshuka sakafuni. Kwa kuwa sasa ilikuwa karibu na masikio yake, akapunguza kitufe cha besi peke yake, sauti nyingine akaziacha zilivyo. Mimi nikakivuta kitanda changu kikaachana na ukuta. Kifuniko cha sufuria kikatulia. Sikio nalo lina tabia ya kutusaidia hapa: sauti nzito haliisikii kabisa mpaka ifike kiwango fulani, ikishavuka inapanda kwa kasi. Kupunguza besi kidogo kunaleta nafuu kubwa kuliko kupunguza mazungumzo kwa kiasi hichohicho.

Wanaopenda kupima kelele kwa simu wajue jambo moja. Kipimo cha kawaida cha kelele, kile cha “A”, kinafuata sikio la binadamu na hukata desibeli 30 hivi kwenye hezi 50. Kinaweza kukuonyesha namba ndogo huku kitanda kinatikisika. Sheria ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni zake za kelele na mitetemo za 2015, ambazo chombo cha taifa cha mazingira kinazisimamia. Binafsi ningeanza na mlango wa jirani.

Kuna kitu tulikiona baadaye, mchana, tulipoinua kipande cha dari. Ukuta wetu unaishia pale pale kwenye dari. Juu yake hadi kwenye bati ni wazi, chumba hadi chumba, na juu ya dari ile nyembamba besi inatembea itakavyo. Anayetaka kujenga ukuta wa pili apande kwanza huko na tochi. Mwenye nyumba ameahidi kuupandisha hadi kwenye bati kabla ya mvua za Novemba. Tofali anazo nyuma ya choo. Anasema kinachokosekana ni saruji.